Mkono Nyuma ya Pazia

Asubuhi tuliyoondoka kwenda kwa tabibu wa Ayurveda, ile tiba ya asili ya Kihindi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kunyanyua sanduku la mkamwana wangu.

Usinielewe vibaya. Sikulifungua, mimi si mdokozi. Nililishika mpini tu, pale mlangoni, wakati yeye ameenda kufunga madirisha ya nyuma. Nimekula mshahara wa ukaguzi wa mizani na vipimo tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu, na mkono wangu unajua uzito kama ulimi unavyojua chumvi. Lile halikuwa sanduku la mtu anayemsindikiza mkwewe kwenye matibabu kisha arudi. Lilikuwa sanduku la mtu anayehama. Nikaliweka chini polepole, nikajisemea moyoni: haya, kumekucha.

Maana jambo jingine nilikuwa nalijua tayari. Siku moja nikipita kwenye korido kwenda jikoni, nilimsikia mwanangu ndani ya chumba chao akisema, "Basi Mama aende akakae kwa mdogo wake, yaishe." Sikungoja kusikia zaidi. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani na glasi tupu mkononi. Nyumba ile tuliijenga mimi na marehemu baba yake, na mawe yangu ya mizani yamo sebuleni mle, kwenye kisanduku chao cha mbao, yameng'arishwa mpaka unajiona uso. Mdogo wangu ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini anaishi peke yake kwenye mji mdogo wa njia panda na redio inaongea kutwa nzima. Nikatupwe kule kama meza iliyovunjika mguu? Na nani aliyemtia mwanangu maneno hayo, kama si mkewe? Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa jumlisha mwenyewe. Mkwe anashikilia twende kwa tabibu wa mbali ambaye hakuna anayemjua. Sanduku lake zito. Mimi nikaona yote waziwazi: humo ndani mna vitu vyangu, vimefungashwa kimyakimya, na njia ya kurudi itapitia kwa mdogo wangu. Nitaambiwa, "Mama, shuka kidogo unyooshe miguu," na gari litaondoka.

Ugonjwa wenyewe ulikuwepo, sikatai. Mikono yangu ilianza kutetemeka. Mikono hii, ambayo iliweza kuweka jiwe dogo kuliko punje ya mtama kwenye kitanga cha mizani bila kitanga kujua! Nikishika kikombe cha chai, kinagonga sahani yake ka-ka-ka mpaka nione aibu. Nilikuwa nakonda ingawa nakula, na usingizi ulinihama. Hospitali walinifunga mpira wa presha mkononi, wakanitazama usoni, wakasema ni umri. Umri! Kana kwamba umri ni mdudu anayeng'ata.

"Mama, tujaribu na huku," mkamwana wangu aliniambia. "Wanasema yule tabibu alisomea Uhindini kabisa, na anapima bila kuuliza swali."

"Anayepima bila kuuliza ni mchawi au mwongo," nikamwambia. "Lakini twende. Nataka nimwone."

Nilikwenda kama nilivyokuwa nikienda kwenye bucha ambalo wateja wamelilalamikia. Na usidhani nilikwenda mikono mitupu. Jiwe langu moja dogo la shaba nilililaza kwenye mkoba, chini ya leso.

Ile nyumba ya tiba ilikuwa ndefu, ya ghorofa moja, kwenye mteremko, imepakwa chokaa. Ukiingia tu unapokewa na harufu ya mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na magome ya miti, harufu inayokaa kooni. Korido ina milango pande zote mbili, na nyuma ya kila mlango meza ya mbao iliyochongwa mfereji pembeni, wa kupitisha mafuta yanayochuruzika. Masufuria ya shaba yamepangwa kwa ukubwa. Ukutani mtu ameandika kwa rangi ya kijani: HAPA MTU HUJIJUA.

"Mimi najijua," nikamwambia mwanamke aliyetupokea. "Ninayetaka kumjua ni aliyeandika."

Akacheka mpaka mabega yakaruka. Alikuwa mkandaji wa pale, mwanamama mwenye mikono kama ya mwokaji mikate, na kifua kinachotangulia kufika. Nikampa jina la Bi Kifua, na sina hakika kama sikumwita hivyo mbele yake.

Alipogeuka kutafuta ufunguo wa chumba chetu, mimi nikajipenyeza kwenye chumba cha dawa. Palikuwa na mizani ya vitanga viwili juu ya meza, ya kupimia mizizi iliyosagwa. Nikatoa jiwe langu, nikaliweka upande mmoja, upande wa pili nikaweka mawe yao ya uzito uleule. Mshale ukasimama katikati wima, hautikisiki. Nikabadilisha upande. Wima. Nilivyochukia! Ukienda kumkamata mwizi ukamkuta anaswali, unabaki na pingu zako mkononi.

Lakini mizani ya mizizi si mizani ya watu, nikajipa moyo. Tutaona.

Kesho yake asubuhi Bi Kifua akatuelezea utaratibu. Tabibu hataki kuambiwa chochote kabla ya kupima. Si jina, si umri, si ugonjwa. Hataki hata kumwona mgonjwa. Pazia zito linagawa chumba. Mgonjwa anakaa upande huu kwenye kigoda, anapitisha mkono kwenye tundu la pazia, tabibu yuko upande wa pili anaupima mshipa kwa vidole vitatu. "Uso unadanganya," akasema Bi Kifua. "Nguo zinadanganya. Mshipa haujui kudanganya. Vua saa, kaa kimya, usikohoe." Kisha akatuacha wawili, akafunga mlango.

Nilikitazama kile kitundu kwenye pazia, na nikahisi furaha ya kazini ikinipanda, furaha ambayo sijaipata tangu nistaafu.

Nikueleze. Mizani huijui kwa kuitazama. Inaweza kung'aa, ikawa na mhuri na nembo, na bado inaiba. Njia ni moja tu: unaiwekea jiwe ambalo uzito wake unaujua wewe mwenyewe, halafu unaangalia itasema nini. Sasa mkono wangu mimi ulikuwa na siri, hata mimi sikujua una nini. Ungempimaje mtu kwa jiwe usilolijua? Lakini kando yangu alikuwepo mtu niliyemjua nje na ndani. Mwanamke kijana, mzima wa afya. Anakula, analala. Akishaweka kichwa kwenye mto, nyumba iungue. Hana wasiwasi, hana haraka, hana neno.

"Kaa wewe," nikamnong'oneza.

"Nini, Mama?"

"Kaa kwenye kigoda. Pitisha mkono wako."

"Mama, jamani! Mgonjwa ni wewe!"

"Weka mkono, nimesema."

Alinitazama. Kisha akafanya anavyofanya siku zote ninapomwambia kitu: akakaa, akavua bangili, akapitisha mkono.

Nilisikia pumzi za mtu nyuma ya pazia, na chini ya pazia niliona ncha za viatu vya ngozi vilivyochoka. Akakawia sana. Mwisho ikaja sauti, ya mzee kidogo, kavu, kama ya mwalimu anayesoma matokeo.

"Mtu huyu halali. Analala mwili, sikio liko macho. Anakula upesi na bila kukaa vizuri, kama anayekula sahani ya mwenyewe. Tumbo limejifunga. Huyu anaishi ugenini, na ugeni umekuwa mrefu." Kisha akaendelea: "Samli chungu kila alfajiri. Mafuta ya kichwa. Na alale. Alale, alale. Msimwamshe."

Wee! Nilijiziba mdomo kwa kiganja. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma, machozi yananitoka. Halali? Huyu? Ugenini? Na mimi niko naye nyumba moja tangu alipoolewa! Mizani imeiba, mchana kweupe, na mimi nimeiona kwa macho yangu.

Mkamwana wangu alivuta mkono wake polepole, akavaa bangili. Uso ulikuwa umempauka. Nikadhani anaogopa tutakamatwa.

"Umemsikia?" nikamwambia tulipofika chumbani. "Umemsikia yule laghai? Nikirudi nitamweleza mwanangu, nitawaeleza majirani wote. Eti anaishi ugenini! Makubwa!"

"Ndiyo, Mama," akasema, akawa anakunja gauni langu ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Kwa nini basi sikuondoka siku ile ile? Kwanza, tumeshalipiwa chumba, na mimi kitu kilicholipiwa sikiachi. Pili, nilitaka kuukusanya ushahidi wote. Kwa hiyo kila alfajiri nikainywa ile samli chungu iliyoandikiwa mkono usio wangu. Ilikuwa kama kulamba mshumaa uliochovywa kwenye shubiri. Nikaimeza yote, namkazia macho Bi Kifua, asione nimeshindwa.

Kisha wakanilaza kwenye ile meza yenye mfereji. Juu ya kichwa changu kulikuwa kumening'inizwa chungu chenye tundu dogo, na kwenye tundu ukatoka uzi wa mafuta ya vuguvugu, unashuka katikati ya paji la uso, unakwenda kulia, unarudi kushoto, Bi Kifua anauongoza kwa kidole. Nilijiambia sitafumba macho. Nitamlinda huyu mwanamke. Nikamuuliza mafuta wamenunua wapi. Akasema, "Nyamaza, mama yangu." Nikamuuliza chungu kinaoshwa kila siku? "Nyamaza." Hakuna aliyewahi kuninyamazisha mara mbili mfululizo na nikatii, lakini yale mafuta yana hila. Huwezi kubishana na mtu huku kitu cha moto kinakutambaa usoni.

Nikanyamaza. Na kwenye ule ukimya, badala ya kupata amani kama walivyoandika kwenye karatasi yao, nikapata jambo lililonikera vibaya.

Nilimkumbuka mkuu wangu wa kazi wa kwanza, mtu mfupi mwenye suruali zilizopigwa pasi kama kisu. Alikuwa na sheria moja. Mizani na jiwe lako vikikataana, usikimbilie kumfungia mtu bucha. Kuna mambo mawili yanayowezekana: mizani ni mbovu, au jiwe lako ni bovu. Jiwe nalo huchakaa. Linaanguka, linakwanguka, linashika uchafu, na wewe unaendelea kuliamini kwa sababu ni lako. Ndiyo maana mawe yetu tuliyapeleka makao makuu yakapimwe nayo. Nilikuwa nawaambia vijana wapya kazini maneno hayo kila mara. Nyani haoni kundule.

Upuuzi, nikajiambia chini ya mafuta. Mtu si jiwe. Lakini mkaguzi ni mkaguzi, na shaka ikishaingia haina adabu, haichagui wa kumshuku.

Siku zilizofuata nikaanza kumtazama. Namaanisha kumtazama kweli, si kumwangalia kama ameosha vyombo. Mezani alikula upesi. Alikaa ukingoni mwa kiti, upande mmoja wa mwili, na kila mlango ulipofunguliwa kijiko kilisimama njiani. Alimaliza kabla sijachanganya chakula changu, akawa tayari amesimama kukusanya sahani, wakati pale kuna watu wa kukusanya sahani. Nyumbani hufanya hivyohivyo, nikakumbuka. Nyumbani simwoni akila kabisa. Siku zote nilidhani anakula jikoni vipande vizuri.

Baada ya chakula cha mchana watu wote walilazwa. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, dirisha la wavu, na sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Mkamwana wangu akalala akigeukia upande wangu, pumzi zake nzito, mdomo umefunguka kidogo. Nikasema: huyo, si analala huyo? Nikashusha miguu nivae ndala niende msalani.

Ndala ikagusa sakafu. Kope zake zikaruka.

Hakufumbua macho. Ziliruka tu, mara moja, kama ngozi ya ng'ombe anapotuliwa na nzi. Pumzi ikasimama kidogo, kisha ikaendelea, nzito ileile, ya kuigiza.

Nikatulia. Nikangoja mpaka uso ukalainika tena. Nikagusa sakafu kwa ndala. Zikaruka. Nikakohoa, hakushtuka. Bi Kifua akapita kwenye korido anaburuta ndoo yenye kelele za kuamsha wafu; hakushtuka. Nikagusa kwa ndala, polepole kabisa, kama paka. Zikaruka.

Nikarudisha miguu kitandani.

"Usijisumbue kufumba macho," nikamwambia. "Najua huna usingizi."

Akafumbua. "Samahani, Mama."

"Samahani ya nini? Kukosa usingizi ni kosa?" Nikamsogelea. "Tangu lini unashtuka ukisikia ndala zangu?"

Akaketi, akavuta shuka mpaka kifuani. Nilidhani atakana. "Tangu nilipokuja kwenu," akasema.

Kwenu. Hakusema kwetu. Miaka yote ile, na watu wote wale waliotupongeza kwa kuishi vizuri.

"Mimi nimekufanya nini?" Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Hujanifanya kitu, Mama."

"Basi sema!"

"Unaamka alfajiri unakwenda jikoni," akasema, anaongea na mikono yake. "Nasikia ndala. Nasikia kopo la sukari linanyanyuliwa, halafu la unga, halafu la majani. Najua unayapima kwa mkono. Halafu kunakuwa kimya. Kile kimya ndicho kibaya. Nalala pale najiuliza leo umeona nini."

"Yale ni mazoea ya kazi tu! Sijawahi kukwambia umeiba kitu. Nimewahi?"

"Hujawahi. Ungesema, Mama, ningekujibu."

Mimi, ambaye nilikuwa nawanyamazisha wauza nyama na visu vyao mkononi, nikalikwepa neno lile. Nikashika njia nyingine. "Na sanduku?"

"Ulilinyanyua." Hakuuliza, alisema tu.

"Nililinyanyua. Mna nini humo? Vitu vyangu?"

"Vyako?" Alinikodolea macho. "Vyako vya nini? Mna nguo zangu zote. Vyeti vyangu vya ualimu. Picha ya marehemu mama." Akanyoosha shuka. "Sirudi, Mama. Ukimaliza tiba nitakupandisha gari la nyumbani, mimi nitakwenda kwa shangazi yangu. Kule kuna shule wanatafuta mwalimu wa watoto wadogo."

"Mume wako anajua?"

"Nitampigia nikifika."

"Nilimsikia akisema niende kwa mdogo wangu. Nilikuwa kwenye korido."

"Na mimi hukunisikia nikimjibu?"

"Sikungoja."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilimwambia akilirudia neno lile naondoka siku hiyohiyo. Mtu mzima hatolewi kwenye nyumba aliyoijenga, eti kwa ajili yangu. Nikaona basi, mmoja lazima atoke, na aliyejenga si mimi."

Nilimtazama mtoto huyu wa watu. Nilimshuku kwa kila kitu duniani, hata kwa vitu ambavyo havijatengenezwa, na hicho kimoja alichokuwa anakificha sikukifikiria kamwe.

"Sasa kama unaondoka," nikamwambia, "umenileta huku kufanya nini? Si ungeondoka tu?"

"Kile kikombe, Mama." Akazungusha bangili. "Kila asubuhi nasikia kikombe chako kinagonga sahani. Nikajua nikikuacha hivyo, nitakisikia hukohuko niliko."

Nililia. Sina haja ya kupamba maneno, nililia kwa sauti, kamasi na yote, mpaka Bi Kifua akagonga mlango kuuliza kama ni samli imekataa. Mkamwana wangu akanipa leso. Iliuma zaidi kwamba ni yeye aliyenipa.

Lakini usidhani niliacha kazi. Nilipomaliza kupenga kamasi nikamuuliza, "Ulimwambia tabibu mambo haya?"

"Sijawahi kuongea naye hata neno moja."

"Bi Kifua je?"

"Nani?"

"Huyo mkandaji."

"Wala yeye, Mama."

Nikamwamini. Hata leo namwamini yeye. Tabibu ni habari nyingine. Inawezekana maneno yale huwaambia wanawake wote wanaopitisha mkono pale, na wote wakarudi vyumbani kulia. Hilo sijui, na sitakudanganya kwamba najua.

Asubuhi iliyofuata nikaenda mwenyewe kwenye chumba cha pazia, sikukaa kwenye kigoda, nikalivuta pazia lote pembeni. Tabibu alikuwa mwanamume mwembamba, miwani imefungwa uzi, anakunywa maji ya moto. Nilitarajia ndevu nyeupe na tabasamu la kujua yote.

"Mkono uliopima haukuwa wangu," nikamwambia. "Ulikuwa wa mkamwana wangu. Nilikuwa nakujaribu."

Hakutabasamu. Alikasirika! Alisimama mpaka maji yakamwagika. "Umekunywa dawa ya mtu mwingine? Siku zote hizi? Mwanamke mzima na akili zako! Na mgonjwa mwenyewe hajapewa kitu?" Alinifokea kama mtoto aliyechezea kiberiti, na nakwambia ukweli, hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Laghai angesema alijua tangu mwanzo.

"Lete mkono," akasema.

Nikampa. Akaweka vidole vitatu, akasikiliza, akanitazama shingo, akaniambia nimeze mate, akanitazama shingo tena. Akaniambia ninyooshe vidole. Vikatetemeka mbele ya miwani yake.

"Hospitali walikupima tezi ya shingo? Kwa damu?"

"Walinipima presha."

"Rudi hospitali, waambie wapime tezi. Moyo unaokimbia hivi na mwili uliokonda hivi si kazi ya mafuta yangu. Ina dawa, na usichelewe."

"Na kukosa usingizi?"

"Inaweza kuwa ni hiyo hiyo."

Nikaona mlango wa kujitetea umefunguka, nikaukimbilia. "Na kuwashuku watu? Hasira?"

Alinitazama juu ya miwani. "Hasira, kidogo," akasema. "Nyingine ni yako mwenyewe."

Siku ya kuondoka gari la kukodi, la kutufikisha kituo cha mabasi, lilisogezwa mbele ya ile nyumba ndefu. Dereva akafungua nyuma, akanyanyua lile sanduku kwa mikono miwili, akaguna. Bi Kifua alitukumbatia, akanipakaza mafuta kwenye gauni jeusi. Tukakaa kiti cha nyuma, mimi dirishani, mkamwana wangu kando yangu, mgongo wima, mkoba magotini.

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Nilikuwa nimeyaweka kwenye kitanga nikayapima, na bado yalikuwa mazito kuyatoa.

"Dereva," nikasema, "mimi utanishusha njia panda, kwa mdogo wangu. Kuna hospitali kubwa pale, watanipima hiyo tezi. Huyu mpeleke nyumbani."

Mkamwana wangu akageuka. "Mama?"

"Nyumbani kwako. Mume wako nimeshampigia simu, anakungoja, na nimemwambia nakwenda kukaa kwa mdogo wangu kwa hiari yangu. Si matembezi, nakwenda kukaa. Nguo zangu mtanitumia. Makopo ya jikoni yapange utakavyo. Kula ukiwa umekaa."

Halafu nikangoja.

Nilingoja aseme, hapana, Mama. Nilingoja aseme, haiwezekani, turudi wote, tutaelewana. Mtu yeyote aliyelelewa angesema hivyo hata kama hamaanishi, na mimi, Mungu anisamehe, ningerukia neno hilo moja kama mlevi anavyorukia chupa. Nilikuwa nimeshaandaa hata jinsi ya kukubali.

Hakusema. Alinishika mkono, ule unaotetemeka, akaubana kwa mikono yake yote miwili, midomo imekazwa. Akanipa jibu la kweli, uzito wake kamili. Nimeishi maisha yangu yote nikilitafuta jibu la namna hiyo kwenye mizani za watu, na sikujua kwamba linauma hivi.

Dereva akawasha gari. Nikahisi kichwa chake kinaniegemea begani, kizito, kinazidi kuwa kizito. Nilipomwinamia, alikuwa amelala. Mlinzi alikuwa bado anahangaika na komeo, hata getini hatujatoka, na yeye amelala, mdomo wazi, bangili zimemwangukia kwenye mapaja.

Nikauburuta mguu wangu kwenye sakafu ya gari, makusudi, ndala ikakwaruza.

Kope hazikutikisika.